Euforbia, shahidi wa lupango za wazee

Mtu akitoka Rutshuru kwenda Kanyabayonga, katika uwanda wa Rwindi anaona miti mirefu bila majani, matawi yamesimama kama kinara cha mishumaa kanisani. Wengi wanasema: « Ile ni kaktusi. » Hapana. Kaktusi kwao ni Amerika. Huu wetu ni euforbia, wa jamaa moja na muhogo unaotupa sombe. Ukiukata unatoa maziwa meupe. Chunga macho, maana maziwa yale yanaweza kupofusha mtu.

Mti huu unapenda inchi kavu ya bondeni: kusini ya Ziwa Édouard, tena uwanda wa Ruzizi upande wa Uvira. Shina lake linaweka maji, njo maana kiangazi hakiuui. Jean Lebrun aliandika juu ya mimea ya Rwindi katika 1947, na Germain juu ya ile ya Ruzizi katika 1952.

Lakini wazee walijua jambo lingine. Ukikata tawi na kulipanda, linashika. Na ng'ombe hawalipendi. Kwa hiyo euforbia, huu mrefu na ndugu yake mwembamba, ilikuwa ukuta wa lupango na wa zizi. Nyumba ya majani inaoza, watu wanahama, ukuta unabaki.

Hapo njo kuna maneno mazito. Parke Albert, leo Virunga, ilianzishwa 1925, na toka 1929 ilipanuliwa ikachukua uwanda huu. Watu walitolewa. Kisha sheria ya tarehe 20 julai 1973 ikasema udongo wote ni wa Serikali. Babu zetu wengi hawakuwa na karatasi. Walikuwa na miti.

Hata hivyo tusidanganyane. Euforbia moja porini haishuhudii kitu, sababu inaota yenyewe. Lakini miti ikifuatana kwa mstari ao kwa duara, na chini kuna jiwe la kusagia na vigae vya chungu, pale palikuwa kwa mtu.

Basi, mbele ya kung'oa ukuta wa zamani mule kijijini, mwite kwanza mzee. Muulize nani aliupanda, na mpaka ulifika wapi. Andika jibu mbele ya watoto na majirani. Mzee akiisha kufa, miti itabaki, lakini hakuna atakayejua ni ya nani.