Clarke Oduor: Beki wa asili mbili na funzo la stakabadhi kwa chipukizi wa Kitale na Bungoma

WANASOKA chipukizi wa Kitale na Bungoma hukua karibu na mpaka, na wengi wao wana jamaa upande wa pili wa Mlima Elgon. Wabukusu wa Kenya na Wamasaba wa Uganda ni ndugu wa lugha na mila, nao wakazi huvuka kila uchao kupitia vituo vya Suam, Kaunti ya Trans Nzoia, na Lwakhakha, Kaunti ya Bungoma.

Kwa kijana wa eneo hili, suala la nchi atakayoichezea si geni. Taaluma ya Clarke Oduor, beki aliyezaliwa Siaya na kunolewa kisoka nchini Uingereza, inadhihirisha kwamba kipaji humfikisha mchezaji mlangoni, lakini stakabadhi ndizo humfungulia.

Oduor alizaliwa Juni 1999 na kuhamia Uingereza akiwa mtoto. Alilelewa katika akademia ya Leeds United, ambako alianza kama mchezaji wa safu ya mbele kabla ya kurejeshwa nyuma kuwa beki wa kushoto. Hadi leo anamudu pia nafasi za kiungo na winga.

Kocha Marcelo Bielsa alimpa fursa katika kikosi cha watu wazima mnamo Januari 6, 2019, Leeds ilipocharazwa 2-1 na Queens Park Rangers katika raundi ya tatu ya Kombe la FA. Agosti mwaka huo alijiunga na Barnsley, iliyokuwa imepanda hadi Ligi ya Daraja la Kwanza, kipute cha pili kwa hadhi nchini Uingereza.

Siku iliyomjengea jina ni Julai 22, 2020, siku ya mwisho ya msimu. Barnsley ilizuru Brentford ikihitaji ushindi ili iepuke shoka la kushushwa daraja. Callum Styles aliwaweka wageni mbele, naye Josh Dasilva akasawazisha katika kipindi cha pili.

Mechi ilipoingia dakika za majeruhi, Oduor alicheka na nyavu na kuipa Barnsley ushindi wa 2-1. Klabu hiyo ilimaliza kwa pointi 49, moja zaidi ya Charlton Athletic iliyoteremka. Brentford nayo ilikosa nafasi ya kupanda Ligi Kuu moja kwa moja, na West Bromwich Albion ikapanda badala yake.

Mwaka huo huo wa 2020, Oduor aliingia kambini mwa timu ya taifa ya Kenya, Harambee Stars. Mnamo 2023 alihamia Bradford City.

Agosti 2025 jina lake lilirejea tena vinywani mwa mashabiki, safari hii kwa sababu ya stakabadhi. Grimsby Town ya daraja la nne ilimchukua kwa mkopo kutoka Bradford, na mnamo Agosti 27 akaingia kama nguvu mpya katika mechi ya Kombe la Carabao dhidi ya Manchester United. Grimsby ilishinda kwa penalti 12-11 baada ya sare ya 2-2, ingawa mkwaju wa Oduor ulipanguliwa na kipa Andre Onana.

Baadaye ilibainika kwamba usajili wake uliwasilishwa dakika moja baada ya makataa ya saa sita mchana, siku moja kabla ya mechi. Grimsby ilitozwa faini ya pauni 20,000, nusu yake ikiahirishwa. Matokeo hayakubatilishwa, ila dakika moja ya uzembe ilitosha kutia doa ushindi wa kihistoria.

Kwa mwanasoka mwenye asili ya mataifa mawili, hesabu hiyo ya stakabadhi huanza mapema zaidi. Katiba ya zamani ya Kenya haikumruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Aidha, mtoto aliyezaliwa ng'ambo alirithi uraia kutoka kwa baba pekee.

Katiba iliyoanza kutumika Agosti 27, 2010 ilibadili mambo. Ibara ya 14 inampa uraia wa kuzaliwa mtoto yeyote ambaye mama au baba yake ni Mkenya, awe amezaliwa nchini au ng'ambo. Ibara ya 16 inasema Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kupata wa nchi nyingine. Uganda nayo ilifungua mlango wa uraia pacha kwa sheria ya mwaka 2009.

Mabadiliko hayo yameifaa Harambee Stars. Daniel Anyembe, beki wa kulia aliyezaliwa Denmark mnamo 1998 na kuchezea Hobro, Esbjerg na Viborg, ni miongoni mwa walioitwa na aliyekuwa kocha Engin Firat.

Hata hivyo, mlango huo unaweza pia kufungika. Divock Origi, mwanawe fowadi wa zamani wa Kenya, Mike Okoth, alizaliwa Ubelgiji na akachagua kuichezea nchi hiyo. Bao lake dhidi ya Urusi katika Kombe la Dunia la 2014 lilizima matumaini yote ya Kenya.

Kanuni za Shirikisho la Soka Duniani (FIFA) zililegezwa Septemba 2020. Mchezaji anaweza kubadilisha taifa iwapo alichezea timu ya watu wazima mechi zisizozidi tatu kabla ya kutimiza umri wa miaka 21, na miaka mitatu imepita tangu mechi ya mwisho. Aliyeshiriki fainali za Kombe la Dunia au za bara lake haruhusiwi.

Kanuni nyingine inayowahusu moja kwa moja wanafunzi wa shule kama St Anthony's Boys ya Kitale, maarufu kwa kabumbu, ni ile inayopiga marufuku uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache. Mojawapo ni wazazi kuhamia nchi nyingine kwa sababu zisizohusiana na soka. Wakala anayemwahidi mvulana wa miaka 15 klabu ya Ulaya anastahili kuulizwa ni kipengele kipi kinachomruhusu.

Suala hili lina uzito zaidi kwa kuwa Septemba 2023 Shirikisho la Soka Afrika (CAF) lilizikabidhi Kenya, Uganda na Tanzania uenyeji wa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za 2027. Kijana mwenye mzazi mmoja Bungoma na mwingine Mbale ana haki ya kutazama pande zote mbili. Ila cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na pasipoti ni vyema vitafutwe mapema, kabla ya kocha yeyote kulitaja jina lake.