Nasaba ya Neno "Día"

Kufanana kwa maneno si ushahidi wa nasaba. Neno la Kihispania "día" na neno la Kiingereza "day" hukaribiana kwa sauti, na maana yake ni moja: siku. Hata hivyo, asili yake ni mbalimbali. Mwaka 1822 Jacob Grimm alifafanua kanuni ambayo Rasmus Rask alikwisha kuidokeza mwaka 1818: penye "d" katika Kilatini, lugha za jamii ya Kijerumani, Kiingereza kikiwamo, huwa na "t". Ndiyo maana "dos" hulingana na "two", "diez" na "ten", "diente" na "tooth". Lau "día", litokanalo na Kilatini "dies", lingekuwa na undugu na "day", neno hilo la pili lingeanza kwa "t".

Ndugu wa kweli yupo, ila amejificha. Sehemu ya kwanza ya "Tuesday" ni jina la mungu wa kale, Tiw, lenye shina moja na "dies" na "dios". Shina hilo lilihusu anga na mwanga. Basi katika "Tuesday", ndugu wa "día" ni "Tues", wala si "day". Nasaba hupimwa kwa ulinganifu wa sauti unaojirudia, si kwa sura ya neno moja.