Paka Mwenye Kisukari: Namna ya Kumbadilishia Chakula kwa Usalama

Mama au mlezi, paka wa nyumbani akigundulika ana kisukari, kazi kubwa ya kumtunza itakuwa yako, kwa sababu chakula chake kinatoka jikoni kwako. Chakula kinachofaa kinaweza kushusha sukari yake sana. Lakini mabadiliko yafanyike taratibu, na daktari wa mifugo awe anajua. Paka anayechomwa insulini akibadilishiwa chakula ghafla, sukari inaweza kushuka mno na akafa.

Kisukari cha paka ni nini?

Insulini hutengenezwa na kongosho. Kazi yake ni kuingiza sukari ya damu kwenye misuli na viungo vingine ili mwili upate nguvu. Kwa paka wengi ugonjwa huu hufanana na kisukari cha aina ya 2 cha binadamu: mwili hauitikii insulini vizuri, na kongosho huchoka. Sukari hubaki kwenye damu huku mwili ukiwa na njaa.

Walio hatarini zaidi ni paka wanene, wenye umri mkubwa, madume waliohasiwa, wanaoshinda ndani bila kukimbia, na waliotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu. Paka wengi wa kwenye maghorofa ya Kariakoo, Kisutu na Upanga wanaishi hivyo: wamefungiwa ndani na wanakula siku nzima.

Ugonjwa huu hauambukizi. Mtoto hawezi kuupata kwa kucheza na paka.

Dalili za kuangalia

- Anakunywa maji mengi kuliko kawaida.
- Anakojoa sana. Mkojo wenye sukari huvuta sisimizi.
- Anakula vizuri lakini anakonda.
- Manyoya yanafifia na hajilambi.
- Anatembea akikanyagia visigino vya miguu ya nyuma.

Usimhukumu kwa dalili pekee, maana ugonjwa wa figo nao humfanya paka anywe maji mengi. Mpeleke akapimwe damu na mkojo. Paka akiogopa, sukari yake hupanda kwa muda hata kama hana kisukari. Ndiyo maana daktari anaweza kurudia kipimo, au kutumia kile kinachoonyesha wastani wa sukari wa wiki chache zilizopita.

Kwa nini chakula kina uzito hivi?

Paka ni mla nyama. Panya na ndege anaowawinda wana protini nyingi na wanga kidogo sana. Paka wa mjini hula tofauti: asubuhi kipande cha andazi, mchana ubwabwa wenye mchuzi, usiku ugali kwa dagaa wachache. Huo ni wanga juu ya wanga. Hata chakula kikavu cha paka cha dukani kwa kawaida kina wanga mwingi kuliko cha kopo.

Ukipunguza wanga na kuongeza nyama, sukari hupanda kidogo tu baada ya kula. Paka akipungua unene, mwili wake huanza kuitikia insulini vizuri zaidi. Baadhi ya paka, hasa waliotibiwa mapema, hufika mahali hawahitaji tena kuchomwa sindano. Kisukari kinaweza kurudi, kwa hiyo chakula chake kisirudishwe kuwa kile cha zamani.

Apewe nini?

Chakula cha kopo cha paka chenye wanga kidogo ndicho rahisi zaidi, kwa kuwa kimekamilika. Kama bei inakushinda, unaweza kutumia vya sokoni kwa ushauri wa daktari:

- Kuku wa kuchemsha, pamoja na firigisi na mioyo. Mioyo ina taurini, kirutubisho ambacho paka akikikosa anaweza kuugua moyo na macho.
- Samaki aliyepikwa, kama vibua vya Feri, bila miiba. Asiwe mbichi, kwani baadhi ya samaki wabichi huharibu vitamini B1 mwilini mwa paka.
- Dagaa. Wa pwani mara nyingi huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Waloweke, mwaga maji, kisha wachemshe.
- Maini, kidogo tu, mara moja moja. Yakizidi, vitamini A humletea maradhi ya mifupa.

Nyama tupu haina kalsiamu ya kutosha. Muulize daktari cha kuongeza. Kama paka ana ugonjwa wa figo pia, usimwongezee nyama kabla ya kuzungumza na daktari.

Asipewe: ugali, wali, chapati, maandazi, biskuti, chipsi, na maziwa ya chai. Mchuzi wenye vitunguu maji au vitunguu saumu ni sumu kwa paka. Chemsha sehemu yake pembeni kabla hujaunga mboga ya familia.

Badilisha kwa siku 7 hadi 10

1. Siku 3 za kwanza: robo chakula kipya, robo tatu cha zamani.
2. Siku 2 au 3 zinazofuata: nusu kwa nusu.
3. Siku 2 au 3 nyingine: robo tatu kipya.
4. Baada ya hapo: kipya peke yake.

Usimshindishe njaa ili akubali chakula kipya. Paka, hasa mnene, asipokula siku nzima, mafuta yanaweza kujaa kwenye ini akaugua vibaya. Akigoma, rudi hatua moja nyuma.

Kama ni mnene, apungue polepole. Kwa paka wa kilo 6, gramu 60 kwa wiki zinatosha. Mweke kwenye kikapu, mpime kwa mzani wa dukani, kisha utoe uzito wa kikapu. Maji yawepo wakati wote, hata kama anakojoa sana.

Kama anachomwa insulini

Chakula na dozi huenda pamoja. Wanga ukipungua, dozi ya zamani inaweza kuwa kubwa mno. Mweleze daktari *kabla* ya kuanza chakula kipya, na mpange siku za kupima sukari. Usibadilishe dozi mwenyewe.

- Akikataa kula, usimchome kabla ya kuzungumza na daktari.
- Usimpe insulini ya bibi au ya mtu mwingine nyumbani, wala vidonge vya kisukari vya mtu. Dozi ya mtu inaweza kumuua.
- Insulini nyingi za watu zina yuniti 100 kwa mililita. Baadhi ya zile za wanyama zina yuniti 40. Kila moja ina bomba lake la sindano. Ukivuta ile ya 100 kwa bomba la 40, utampa mara mbili na nusu ya dozi.
- Sindano zilizotumika zitie kwenye chupa ngumu yenye kifuniko, mbali na watoto.

Sukari ikishuka mno

Utamwona analegea, anayumba, anatetemeka au anapata degedege. Kama anaweza kumeza, mpe chakula papo hapo. Kama hawezi, mpake asali au sukari iliyoyeyushwa kwenye fizi, usimmiminie kooni. Kisha mkimbize kwa daktari, hata akionekana amepata nafuu.

Mkubaliane watu wote

Mara nyingi mpango huharibiwa na mikono mingi. Watoto humtupia paka chapati, jirani humwita kwa ubwabwa. Paka wa dukani Kariakoo, anayelinda stoo dhidi ya panya, hulishwa na muuza duka, kuli na mama ntilie kwa siku moja. Chagua mtu mmoja wa kumlisha, na waeleze wengine sababu. Watoto wape kazi nyingine: kuweka maji, kucheza naye, na kuandika kwenye daftari alichokula na saa aliyochomwa. Daftari hilo nenda nalo kliniki.

Mpeleke siku hiyo hiyo akiwa

- hajala kwa siku nzima,
- anatapika mara kwa mara,
- anapumua kwa shida au ana harufu isiyo ya kawaida mdomoni,
- amelegea au ana degedege.

Usimpe panadoli wakati unasubiri. Hata kidonge kimoja kinaweza kumuua. Kama hujui kliniki ya karibu, uliza idara ya mifugo ya halmashauri yako au duka la dawa za mifugo.