Kabla ya kuulaumu uzee: Maradhi ya nyonga, goti na wayo

MTOTO wa miaka 12 anarudi kutoka shuleni akichechemea. Anapoulizwa panapomwuma, anaelekeza kidole kwenye goti. Mamaye analikanda goti hilo kwa maji moto, jirani analeta dawa ya kupaka, na hata anapofikishwa hospitalini, goti ndilo linalopigwa picha ya eksirei. Picha haionyeshi kasoro yoyote. Majuma yanayoyoma huku mtoto akiambiwa ni uchungu wa kukua tu, kumbe muda wote huo ugonjwa umo nyongani, ambako kichwa cha mfupa wa paja kinateleza kidogo kidogo kutoka mahali pake.

Si kwamba mtoto amedanganya. Mishipa ya fahamu inayohudumia nyonga hutuma matawi yake hadi gotini, na ubongo huchanganyikiwa kuhusu chimbuko la maumivu. Ndiposa madaktari wa mifupa hufunzwa mapema kwamba yeyote anayelalamikia goti, hasa mtoto, sharti apimwe nyonga pia. Kipimo chenyewe hakihitaji mtambo. Mgonjwa hulazwa chali, goti na nyonga hukunjwa, kisha daktari huuzungusha mguu taratibu ili paja ligeukie ndani. Iwapo mzunguko huo unauma, au umepungua ukilinganishwa na mguu wa pili, basi nyonga ndiyo ya kupigwa picha, tena kutoka pande mbili.

Tatizo hilo la kuteleza huwapata zaidi watoto wa kati ya miaka 10 na 16, na wengi wao huwa wanene. Likishatambuliwa, mtoto haruhusiwi kuukanyagia mguu huo hadi afanyiwe upasuaji wa kutiwa skrubu ya kuushikilia mfupa. Wadogo zaidi, hasa wa miaka 4 hadi 8, huweza kupatwa na maradhi ya Perthes, ambapo damu hupungua katika kichwa cha mfupa na kukidhoofisha. Wengi wao huhitaji kufuatiliwa kwa miaka kadhaa badala ya kupasuliwa.

Mtoto mwenye homa anayekataa kabisa kusimama au kuguswa mguu ni suala jingine. Huenda kiungo chake kimejaa usaha, na usaha huweza kuiharibu gegedu katika muda wa siku chache tu. Huyu hasubiri kupambazuke. Anastahili kufikishwa usiku huo huo katika hospitali yenye chumba cha upasuaji, ili usaha utolewe na atiwe dawa za kuua bakteria mishipani.

Mtu mzima naye akisema nyonga inamwuma, mwombe aonyeshe kwa mkono. Wengi hushika tako au upande wa nje wa paja, sehemu ambazo mara nyingi huuma kwa sababu ya mgongo au kano. Nyonga yenyewe kwa kawaida huuma kwenye kinena. Maumivu ya kinena kwa mgonjwa wa selimundu, kwa aliyetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu au kwa mnywaji wa kupindukia, yapasa kumshtua daktari, kwani huenda kichwa cha mfupa kimekosa damu na kimeanza kufa. Hapa eksirei huhadaa: mwanzoni picha huwa safi, ilhali mtambo wa MRI huufichua ugonjwa. Kichwa hicho kikishaporomoka, njia inayosalia aghalabu ni kubadilishwa nyonga nzima, upasuaji ulioboreshwa na Mwingereza John Charnley mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Kuna pia ajuza aliyeteleza bafuni na kushindwa kuinuka. Mguu mmoja ukionekana kuwa mfupi kuliko mwenzake na wayo umegeukia nje, karibu hakuna shaka kwamba mfupa umevunjika penye nyonga. Familia nyingi humlaza kitandani na kumwita fundi wa mifupa wa kijijini aje kumkanda. Sina nia ya kuwabeza mafundi hao, ila mfupa huu haukubali kukandwa. Upasuaji unafaa kufanywa katika siku moja au mbili za kwanza, kwa maana mzee anayelala chali kwa majuma hukabiliwa na nimonia, damu kuganda mishipani na vidonda vya mgongoni, na hayo ndiyo humwua kabla ya mfupa kuunga.

Turudi gotini, ambako wengi wetu tuliopita miaka 50 tumewahi kuambiwa kwamba mafuta ya magoti yameisha. Hakuna mafuta yanayoisha. Kinachotokea ni kwamba gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, huchakaa, na mfupa ulio chini yake hubadilika umbo. Mtu wa miaka 45 na zaidi ambaye goti lake huuma anapolitumia, na ugumu wake wa asubuhi haupiti nusu saa, anaweza kutambuliwa kuwa na ugonjwa huu bila hata eksirei. Ugumu unaodumu saa nzima au zaidi, tena kwenye viungo kadhaa vilivyovimba, huashiria baridi yabisi ya aina nyingine, inayohitaji vipimo vya damu na dawa tofauti kabisa. Na picha isikutishe: wapo wenye eksirei mbaya wanaotembea bila tabu, na wapo wenye picha nzuri wasiolala kwa maumivu.

Tiba ya kwanza ni mazoezi, jambo linalowaudhi wagonjwa waliokuja wakitarajia sindano. Keti kitini, nyoosha mguu mmoja mbele yako hadi misuli ya paja ikaze, uushikilie hivyo kwa sekunde 5, kisha uushushe polepole. Rudia mara 10 kila mguu, kila siku. Misuli ya paja ndiyo inayobeba mzigo ambao gegedu imeshindwa kuubeba. Kwa walio wanene, kila kilo moja inayopungua mwilini huliondolea goti takriban kilo 4 za uzito katika kila hatua.

Dawa ya kupaka yenye diclofenac husaidia. Vidonge vyake husaidia pia, lakini si vya kumezwa mwezi baada ya mwezi bila daktari, kwani hutoboa tumbo, hupandisha shinikizo la damu na kuumiza figo. Mimi mwenyewe nilidungwa sindano ya steroidi gotini na mtu ambaye hakuwa ameligusa kwa uchunguzi wowote. Nafuu ilidumu majuma sita, kisha nikarudi pale pale. Mtaalamu wa fiziotherapia aliyenipokea baadaye alianza kwa kunitazama nikitembea.

Goti bandia huachiwa wale ambao haya yote yameshindwa kuwafaa. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2019 katika jarida la The Lancet ulikadiria kwamba magoti bandia 8 kati ya 10 hudumu miaka 25. Ama kijana aliyepinda goti uwanjani, akasikia mlio na kulivimbisha katika saa chache, ashuku kwamba kano imekatika.

Kwenye wayo, maumivu ya kisigino yanayochoma katika hatua za kwanza za asubuhi na kupungua kadiri unavyotembea hutokana na utando ulio chini ya wayo. Kunyoosha wayo na misuli ya shavu la mguu kila siku, pamoja na viatu vyenye soli laini, huwaponya wengi, ingawa huenda ikachukua mwaka mzima. Kidole gumba kinachovimba na kuwaka ghafla usiku huenda ni jongo. Naye mgonjwa wa kisukari azikague nyayo zake kila jioni, kwa sababu ganzi humnyima onyo la msumari au lengelenge, na kidonda asichokihisi ndicho kinachoishia kukatwa mguu.

Nimeweka mwisho mguu kifundo, yaani mtoto anayezaliwa wayo wake ukiwa umepinda ndani na chini. Hali hii humpata takriban mtoto mmoja katika kila 1,000, na si laana wala kosa la mama. Njia iliyobuniwa na Daktari Ignacio Ponseti katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, huunyoosha wayo kwa plasta inayobadilishwa kila juma, kwa kawaida mara 5 hadi 7, kisha wengi hukatwa kidogo ukano wa kisigino. Hufaa zaidi ikianzwa majuma ya kwanza ya uhai. Humu nchini tiba hii hutolewa, miongoni mwa kwingine, katika hospitali ya watoto ya CURE iliyoko Kijabe. Baada ya plasta mtoto huvishwa viatu vilivyounganishwa kwa ufito, saa 23 kwa siku katika miezi 3 ya kwanza, kisha wakati wa kulala hadi afikishe miaka 4 au 5. Wazazi wengi huviacha viatu hivyo mapema wanapoona wayo umenyooka na mtoto analia usiku. Wayo hupinda upya, na plasta huanza tena kutoka mwanzo.