Bose na Mshahara wa Miaka Mitatu

Mwaka 1885 Jagadish Chandra Bose, mzaliwa wa Bengali, aliajiriwa kufundisha fizikia katika Chuo cha Presidency, Calcutta. Serikali ya kikoloni ilimpangia mshahara pungufu ya ule wa Mzungu mwenye kazi ile ile. Bose hakuliacha darasa. Alifundisha miaka mitatu bila kuupokea, hata wakubwa wakakubali na kumlipa malimbikizo yote. Sisi tunaohesabu siku za mwisho wa mwezi twaujua uzito wa jambo hilo.

Maabara ya maana haikuwapo. Alitafiti baada ya vipindi, kwa vyombo vilivyoundwa hapo hapo na fundi wa kienyeji. Mwaka 1895 aliwaonyesha watu wa Calcutta mawimbi ya redio yakipenya kuta, yakaigonga kengele na kuiwasha baruti. Mawimbi yake yalikuwa na urefu wa milimita chache tu, na kuyanasa kulitaka chombo chepesi wa kuhisi. Alikipata katika galena, madini ya risasi: kipande chake kikiguswa kwa ncha, wimbi lifikapo hubadili mkondo wa umeme. Hataza ya chombo hicho ilitolewa Marekani mwaka 1904, kwa kuhimizwa na rafiki zake, maana mwenyewe hakupenda kuifanyia elimu biashara.

Baba yake, mtumishi wa serikali, alikuwa amempeleka kwanza shule ya Kibengali, ndipo ya Kiingereza. Mwaka 1921 Bose alitoa kitabu cha insha zake, kwa Kibengali.