Mtaa wa Kimya wa Bruxelles na Reli ya Ng'ambo ya Mto

Jumapili moja baada ya Misa, hapa kwetu Mangobo, vijana kadhaa walituzunguka chini ya mwembe wakatuuliza habari za Bruxelles. Walijua kwamba tumefika huko. Hawakuuliza habari za makanisa wala za masoko. Walitaka kujua matajiri wa kule wanakaaje. Mmoja akasema, "Je, ni kweli kuna mitaa ambamo mtu aweza kutembea muda mrefu asisikie sauti ya mtu?" Tukajibu kwamba ni kweli. Ndipo mwenzake, kijana mwenye akili, akasema, "Basi Mungu aliwagawia wao utulivu, sisi akatuachia makelele." Wengine wakacheka. Sisi hatukucheka, maana neno lile lilituingia moyoni. Utulivu wa mtaa nao una historia yake, na sehemu ya historia ya mtaa ule ilianzia huku kwetu, ng'ambo ya mto.

Kwanza tueleze mtaa wenyewe. Ukitoka katikati ya Bruxelles kuelekea kusini, wafuata njia pana iitwayo Avenue Louise. Njia hiyo ilikatwa katika karne ya 19 ili watu wa mjini wapate kwenda kupunga hewa katika Bois de la Cambre, kipande kilichomegwa kutoka msitu mkubwa wa Soignes. Kando ya msitu huo ipo Avenue Franklin Roosevelt. Mahali hapo mwaka 1910 palifanyika maonyesho makubwa ya mataifa. Baada ya maonyesho kwisha, viwanja vikagawiwa, na wenye fedha wakajenga nyumba zao. Zamani njia hiyo iliitwa Avenue des Nations. Baada ya Vita Kuu ya Pili ikapewa jina la rais wa Marekani. Leo ofisi za mabalozi ni nyingi pale, na chuo kikuu kipo jirani.

Tulipita pale asubuhi. Miti mirefu imesimama pande mbili, majani ya bustani yamekatwa sawasawa, na madirisha yamefungwa. Hakuna kengele ya toleka, hakuna mchi utwangao sombe, hakuna mtoto aitwaye na mama yake. Tulijikuta tunasema kwa sauti ya chini, kama watu walio kanisani, ijapokuwa hakuna aliyetukataza kusema. Twakiri kwamba tulipendezwa. Mtu asiyependezwa na miti mizuri na njia safi ana kasoro moyoni mwake.

Basi tukafika penye namba 67. Hapo ipo nyumba kubwa ya mawe yaliyosuguliwa hata yakang'aa, na pembe zake zimepambwa kwa rangi ya dhahabu. Nyuma yake lipo bwawa kubwa la kuogelea. Watu huiita Villa Empain. Ilijengwa kati ya mwaka 1930 na 1934, na aliyeiagiza, Louis Empain, alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu tu. Siku hizi ni nyumba ya maonyesho ya sanaa, na mgeni yeyote aweza kuingia akilipa kiingilio. Nasi tukalipa, tukaingia. Lakini mawazo yetu hayakukaa kwenye picha zilizotundikwa ukutani. Jina la Empain lilikuwa limetushika, maana ndilo jina la mtu aliyeanzisha reli yetu.

Baba yake Louis aliitwa Édouard Empain. Alizaliwa mwaka 1852, naye alikuwa mtoto wa mwalimu wa shule, wala hakuzaliwa katika utajiri. Alijenga reli ndogo na njia za tramu katika nchi mbalimbali. Alijenga reli ya chini ya ardhi ya Paris, iliyofunguliwa mwaka 1900, na baadaye akaanzisha mji wa Heliopolis karibu na Kairo. Mwaka 1902 aliunda kampuni ya reli za Kongo ya Juu na Maziwa Makuu, ambayo watu waliifupisha kwa herufi tatu: CFL. Mwaka 1907 mfalme Leopold II akampa cheo cha baroni.

Kila mtoto wa Kisangani ajua sababu ya reli ile. Kati ya Ubundu na mji wetu mto una maporomoko saba, na la mwisho ni lile la Wagenya, wanapotega samaki kwa mitego yao mikubwa. Meli haiwezi kupita. Hivyo kampuni ilijenga njia ya gari la moshi yenye urefu wa kilomita 125, kutoka ukingo wa kushoto, pale Lubunga, hadi Ubundu, ambayo Wabelgiji waliiita Ponthierville. Njia hiyo ilimalizika mwaka 1906. Tangu hapo mizigo ilishushwa melini Stanleyville, ikavushwa kwa gari la moshi, ikapakiwa tena melini Ubundu kuelekea Kindu. Ilikuwa kazi kubwa ya akili, na hatuna haja ya kuidharau.

Lakini tuangalie bei yake. Serikali ya Leopold iliwaahidi wenye mtaji faida ya 4 kwa mia kila mwaka, na zaidi ya hayo ikawapa haki juu ya hekta milioni 4 za ardhi. Walengola na majirani zao, ambao msitu ule ni wa baba zao, hawakuulizwa. Miaka ile ndiyo miaka ya mpira, watu walipolazimishwa kwenda porini kugema, na aliyepungukiwa akaadhibiwa. Na mwaka uleule wa 1906 amri ya serikali iliruhusu watu wachukuliwe kwa nguvu kwa ajili ya kazi za reli hiyo ya Maziwa Makuu. Mwenye mtaji aliyekaa Ulaya alikuwa na hakika ya faida yake hata kama gari halijabeba mzigo. Mtu aliyechimba tuta msituni hakuwa na hakika hata ya kurudi kwake.

Hapa yafaa tuwe waangalifu. Tusiseme kwamba kila jiwe la nyumba ile lililipwa kwa jasho la Kongo. Mali ya Empain ilitoka pia Ubelgiji, Ufaransa na Misri, kwa tramu na umeme na viwanja. Mwanahistoria akiongeza chumvi huharibu ukweli alioufuata. Lakini pia tusiseme kwamba Kongo haimo. Reli yetu ilikuwa mojawapo ya mito iliyojaza ziwa lile, na anayetazama ziwa peke yake hawezi kujua maji yalitoka wapi.

Tena yafaa tumtendee haki huyu Louis. Hakuishikilia nyumba yake kwa pupa. Mwaka 1937 aliitoa kwa serikali ya Ubelgiji ili iwe makumbusho ya sanaa, naye alijishughulisha sana na malezi ya vijana. Wakati wa vita jeshi la Wajerumani likaichukua nyumba. Baada ya vita ikawa ya ubalozi wa Warusi. Halafu ikapita mikononi mwa wengine, ikaachwa ikachakaa, hata ikatengenezwa upya na kufunguliwa kwa watu mwaka 2010. Mtu aliyetoa nyumba ya namna ile alikuwa na moyo. Ila tulipokuwa tukishuka ngazi zake tuliwaza hivi: ukarimu ule uliwafikia watu wa Bruxelles, nao wanaufurahia hata leo, wala haukufika Ubundu.

Siku ya pili tulipanda tramu kwenda upande wa mashariki, kwa kuwa mtaa mwingine wa kimya ulikuwa umebaki. Ni Avenue de Tervueren, njia ndefu yenye miti na nyumba za fahari, inayotoka mjini mpaka kijiji cha Tervuren. Njia hiyo ilifunguliwa mwaka 1897 kwa sababu moja: mfalme Leopold alitaka wageni wa maonyesho ya mwaka ule wafike kwa urahisi katika bustani ya Tervuren, alikoweka mali za Kongo zitazamwe. Na pamoja na mali aliweka watu. Wakongo 267 walivushwa bahari, wakawekwa bustanini katika vijiji vya kuigiza, ili wapita njia wawatazame wakipika na kupiga makasia. Usiku walilala katika mazizi ya farasi. Watazamaji walikuwa zaidi ya milioni. Baadhi yao waliwatupia vyakula, hata likawekwa tangazo la kuwakataza, kwa kuwa watu wale walikuwa wakilishwa na wenye maonyesho.

Majira yale ya joto yalikuwa na baridi na mvua. Saba kati ya Wakongo wale waliugua wakafa. Hawakupewa nafasi miongoni mwa Wakristo. Walizikwa pembeni, mahali pa watu waliohesabiwa kuwa hawafai. Mwaka 1953 mifupa yao ilihamishwa, na leo makaburi yao saba yako nje ya kanisa la Mtakatifu Yohane Mwinjili, yamepangwa kandokando ya ukuta. Miongoni mwa majina yao yamo Ekia, Kitukwa, Mibange na Sambo. Tulisimama pale, tukavua kofia, tukasali Baba Yetu kwa Kiswahili. Hatujui kama waliielewa lugha hii walipokuwa hai. Mungu anaijua.

Na hapo tukakumbuka jambo. Mwaka uleule wa 1897 padre Gabriel Grison alifika huku kwetu penye maporomoko, akaanzisha misheni ya Mtakatifu Gabrieli, iliyo mama wa parokia zetu. Yaani mwaka ambao mapadre walikuja kutufundisha kwamba watu wote ni watoto wa Baba mmoja, ndio mwaka ambao ndugu zetu saba walikosa kaburi la heshima katika nchi ya Wakristo. Hatusemi hivi ili kumlaumu Padre Grison, aliyeacha kwao akaja kwetu. Twasema hivi kwa sababu mafundisho ya kweli hayaogopi kuwekwa karibu na matendo ya watu, yapimwe pamoja.

Sasa tumrudie kijana wetu. Mwanangu, Mungu hakugawa utulivu huku na makelele kule. Mtaa wa kimya ulijengwa na watu, kwa akili yao na fedha zao, na tena kwa kazi za wengine ambao majina yao hayakuandikwa. Usiuonee wivu, kwa maana wivu haujengi hata banda la kuku. Wala usiulaani, kwa maana miti ile haina kosa. Ujifunze kuusoma. Ukiona ukuta unaong'aa, popote duniani, hata hapa mjini kwetu, uulize: nani alibeba mawe, na alilipwa nini?

Na sisi wazee tunalo deni. Wale saba wa Tervuren sasa wana majina juu ya mawe, nasi twaweza kuwaombea mmoja mmoja. Lakini waliokufa penye reli ya Ubundu hawana jiwe wala jina. Reli yenyewe imechakaa, nyasi zimeota kati ya mataruma, na wajukuu wa waliyoijenga wanazidi kupungua. Wamo katika parokia zetu, Lubunga na huku Mangobo. Basi kabla ya tarehe 2 Novemba, siku ya Marehemu Wote, kila nyumba yenye babu au bibi iulize: katika ukoo wetu, nani alikwenda kazi ya reli, na nani hakurudi? Chukueni daftari la mtoto wa shule, mwandike. Majina yakiwa matano au hata mawili, yaleteni kanisani, yasomwe kwa sauti, tuyaombee.