Okestra na okestra ya simfoni

Mwambie mkazi wa Eringeti, pale barabara ya Beni inapokaribia Ituri, kwamba jioni kuna okestra: atajiandaa kucheza rumba. Naye hakosei. Kongo nzima ilizoea kuita hivyo bendi za dansi, tangu African Jazz ya Grand Kallé (1953) na OK Jazz ya Franco (1956). Wanamuziki waliohamia Dar es Salaam na Nairobi walikwenda na jina hilo, tukapata Orchestra Maquis na Orchestre Super Mazembe. Hata kwa Wagiriki wa kale, waliotuachia neno lenyewe, orkhestra ilikuwa uwanja wa kuchezea mbele ya jukwaa.

Kundi linalopiga muziki wa watunzi kama Berlioz au Bizet ni jingine, na jina linalolifaa ni okestra ya simfoni. Wapo wanaopendekeza "bendi kubwa". Naliona jina baya, kwa kuwa wingi wa watu si kiini cha tofauti. Kwenye bendi ya rumba gita la solo lina mwenyewe mmoja. Kwenye okestra ya simfoni wapiga fidla kumi au zaidi husoma noti zilezile na kuzipiga kwa pamoja, kama waimbaji wa sauti ya kwanza katika kwaya. Hapo huongezwa filimbi, klarineti, tarumbeta na ngoma, na wote humfuata mwongozaji mmoja.

Neno "romantiki", linalotajwa mara nyingi pamoja na muziki wa okestra hizi, nalo lina mtego. Tukitafsiri "muziki wa kimapenzi", msikilizaji atangoja nyimbo za wapenzi. Katika istilahi ya muziki, Romantiki ni kipindi kilichochukua karibu karne yote ya 19, watunzi walipoipanua okestra ili isimulie visa na misukosuko ya moyo. Mwaka 1830 Berlioz alitia vinubi na kengele katika Symphonie fantastique. Mwaka 1886 Saint-Saëns akaingiza kinanda cha kanisa katika simfoni yake ya tatu. Basi tuseme "muziki wa kipindi cha Romantiki".

Tukirudi kwenye jina la okestra, Wakongo wenyewe wameshaonyesha njia. Mwaka 1994 Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, mwanzilishi wa kanisa la Kimbanguiste, alianzisha kundi Kinshasa, na wengi wa wapigaji wake walijifunza wenyewe. Linaitwa Orchestre Symphonique Kimbanguiste. Katika jiji la OK Jazz, orchestre peke yake isingetosha. Watangazaji wa redio za Beni na Butembo, mkitangaza tamasha la kundi la namna hii, litajeni kundi kwa jina lake kamili: okestra ya simfoni.